Mmiliki Namba 1000: Nani Mwenye Faili Kwenye Diski ya Pamoja?

Vituo vidogo vya redio huku kusini vinafanana. Kuna chumba cha kurushia matangazo, chumba cha kurekodia chenye trei za mayai ukutani, chumba cha habari chenye meza mbili na feni moja, na mahali fulani, mara nyingi nyuma ya mlango wa stoo, kuna seva. Kila kinachosikika hewani kimepita kwenye diski ya hiyo seva: tangazo la mnada wa korosho, jingo za asubuhi, mahojiano ambayo mwandishi kayarekodi Tandahimba kwa simu, taarabu ya Ijumaa usiku. Kompyuta moja inaandika, nyingine inasoma. Mimi ni fundi ninayevitunza vitu hivi hapa Mtwara mjini na mara mojamoja Lindi, na simu ninayopigiwa kuliko zote haihusu mtandao kukatika wala diski kujaa. Ni hii:

"Kaka, spoti ya tangazo ipo, naiona kwa macho yangu, lakini mashine ya hewani inaikataa."

Na kweli faili lipo. Jina sawa, ukubwa sawa, na kwenye kompyuta ya kurekodia linacheza bila tatizo. Programu ya kurushia ndiyo haina ruhusa ya kulisoma, na programu ya namna hiyo ikishindwa kufungua faili huliruka kimya kimya, kwa hiyo mdhamini aliyelipia tangazo la saa moja asubuhi anasikia muziki tu. Hapo huwa ameshatokea kijana mwenye haraka akapiga `chmod -R 777`, amri ya kumpa kila mtu ruhusa zote, kwenye folda nzima. Redio inaendelea, kijana anapewa soda. Kesho yake tatizo liko palepale, maana amri ile iligusa mafaili yaliyokuwepo, na tangazo la leo lilikuwa bado halijarekodiwa.

Ninachotaka kusema ni kimoja. Kwenye diski ya mtandao, faili hupata mmiliki, kundi na ruhusa zake pale pale linapoumbwa. Anayeamua si wewe uliyekaa kwenye kiti. Ni namba ya programu iliyoliumba, folda lilipoumbiwa, na sheria za seva. Ukikosea hapo, kurekebisha baadaye kuna gharama, na mara nyingi kumezuiwa makusudi. Mkulima akifikisha korosho ghalani, jina linaandikwa mzigo unapopokelewa na kupimwa, na ndivyo ilivyo tangu stakabadhi ghalani ianze kwenye korosho za Mtwara msimu wa 2007/2008. Huwezi kurudi wiki ijayo ukasema zile kilo zilikuwa za shemeji.

Seva haijui jina lako

NFS, mfumo ambao kompyuta za Linux hutumia sana kushirikiana diski, ulitoka kwa kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1984. Toleo la tatu, ambalo bado nakutana nalo kazini, maelezo yake yalichapishwa mwaka 1995. Ulibuniwa kwa mazingira ambamo mashine zote ziko chini ya msimamizi mmoja anayeaminika, na dhana hiyo haijautoka mpaka leo. Kwa uthibitisho wake wa kawaida, uitwao AUTH_SYS, kompyuta inayotaka kuumba faili inaiambia seva: anayeomba ni mtumiaji namba fulani, kundi lake kuu ni namba fulani, na makundi yake mengine ni haya. Seva inaamini. Haiulizi nywila, haiulizi jina.

Sasa tazama kituoni. Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, ikisakinishwa, mtumiaji wa kwanza anapewa namba 1000, wa pili 1001. Kompyuta ya kurekodia ilisakinishwa na fundi mmoja, akamwita mtumiaji wa kwanza studio. Ya chumba cha habari ikasakinishwa na mtu mwingine, mwaka mwingine, mtumiaji wa kwanza akaitwa habari. Ya hewani, aliyeisakinisha alijifungulia kwanza akaunti yake mwenyewe, ndipo akaongeza nyingine kwa jina la hewani. Kwa hiyo studio ni 1000, habari ni 1000, hewani ni 1001.

Kwa seva, studio na habari ni mtu mmoja. Mwandishi akiweka sauti yake, wa studio anaifungua, anaikata, anaifuta akipenda, hakuna kinachomzuia, na wote wanaamini ruhusa zimepangwa vizuri. Hewani peke yake ndiye mgeni. Ndipo maneno yanapoanza kwamba ile mashine ina mkosi, ibadilishwe.

Ukitaka kuliona jambo lenyewe, tazama faili moja ukiwa kwenye kompyuta tatu tofauti. Studio, `ls -l` inakuambia mwenye faili ni studio. Chumba cha habari, faili lilelile, mwenyewe ni habari. Hewani linasomeka jina la fundi aliyeacha kazi zamani, kwa sababu kwenye mashine hiyo 1000 ni yeye. Hakuna iliyodanganya. Kila kompyuta imepokea namba 1000 kutoka kwa seva, ikaitafutia jina kwenye orodha yake yenyewe, /etc/passwd. Ndiyo maana nikifika popote natumia `ls -ln`, inayoonyesha namba tupu. Majina yanapendeza lakini yanakupotezea asubuhi nzima.

Toleo la nne lilijaribu kulitibu hili kwa kupeleka majina badala ya namba, yenye umbo la mtumiaji@kikoa. Vikoa visipolingana kati ya seva na kompyuta zake, mafaili huweza kuonekana ya nobody, yaani ya mtu asiyejulikana, na ofisi nzima inachanganyikiwa. Hata vikilingana, chini ya AUTH_SYS ombi lenyewe bado linasafiri na namba, na ruhusa hupimwa kwa namba hiyo. Unaweza ukaliona jina lako kwenye faili na bado ukanyimwa kulifungua. Dawa kamili ni Kerberos, ambayo humthibitisha mtu badala ya kuiamini mashine. Kwa benki au chuo, sawa. Kwa kituo chenye kompyuta chache na fundi anayekuja akiitwa, simshauri mtu. Namba zilingane, basi. Chagua za mbali kidogo, tuseme 3001 kwa studio, 3002 kwa habari, 3003 kwa hewani, zisije zikagongana na zile za usakinishaji. Ziwe zilezile kila mashine. Kisha ziandike kwenye karatasi uibandike ndani ya mlango wa kabati la seva. Kumbuka tu kwamba `usermod -u` itabadilisha umiliki wa vilivyomo kwenye folda ya nyumbani ya mtumiaji. Mafaili yaliyoko kwenye seva yatabaki na 1000, na hayo utayashughulikia kwenye seva yenyewe.

Pale linapozaliwa

Programu inapoumba faili, mmiliki anakuwa ile namba ambayo programu inaendeshwa nayo. Kundi linakuwa kundi kuu la programu, isipokuwa folda ikiwa na alama ya setgid. Hapo faili linarithi kundi la folda. Ruhusa zinakuwa zile programu ilizoomba, zikapunguzwa na umask, yaani namba inayotaja ruhusa za kuondolewa. Karibu kila kesi ninayoitiwa imo ndani ya maneno hayo.

Umask ndiyo inayowapiga chenga wengi. Programu ya kawaida huomba 666, yaani kila mtu asome na kuandika. Umask ikiwa 022, faili linatoka 644: mwenyewe anaandika, wengine wanasoma. Ikiwa 002 linatoka 664, na kundi linaweza kuandika. Ikiwa 077 linatoka 600, la mwenyewe tu. Na umask ni ya kompyuta inayoumba faili, si ya seva. Unaweza ukaipanga seva ikapangika, akaja mtangazaji na laptopu yake yenye 077, kila alichokirekodi kikatua kimefungwa. Isitoshe, umask unayoiona kwenye dirisha la amri si lazima iwe ile ya programu iliyofunguliwa kwa kubofya menyu, na huduma inayoanzishwa na systemd, msimamizi wa huduma za Linux, ina ya kwake, 022 usipoigusa. Kijana atakuambia "kaka nimeangalia, ni 002", na atakuwa anasema kweli, na faili bado litatoka 644.

Setgid huwekwa kwa ile 2 ya mbele: `chgrp redio /srv/sauti`, kisha `chmod 2775 /srv/sauti`. Folda ndogo zitakazoumbwa ndani zitairithi alama hiyo. Nimeshakutana na seva zenye 777 kila kona na bila setgid hata moja, na nikiulizwa kipi kiondolewe kwanza, jibu ni 777. Ruhusa ya kuandika kwenye folda ndiyo ruhusa ya kufuta kilichomo, awe mwenye faili nani. Mtu wa mapokezi akibonyeza vibaya, maktaba ya miaka inakwenda.

Kuna na mpaka wa makundi: AUTH_SYS hubeba makundi ya ziada 16 tu, mengine yanaachwa bila taarifa. Kwa redio hutafika huko. Kwenye ofisi kubwa hili hutesa watu, na tiba yake iko upande wa seva: `rpc.mountd` ikianzishwa na `--manage-gids`, seva hujitafutia yenyewe makundi ya mtu.

Kuburuta na kunakili

Hapa ndipo nilipo na mengi ya kusema, kwa sababu hapa hata waliopanga kila kitu vizuri hukwama.

Kuna mhariri mmoja, mtu mzima, anayependa kusikiliza kila kitu kwenye folda yake binafsi kabla hajakipeleka hewani. Folda yake imefungwa kwa wengine, na ni sawa. Akiridhika, analishika faili kwa kipanya, analiburuta mpaka folda ya hewani. Folda ya hewani ina setgid, ina 2775, ina kundi sahihi. Faili likifika halisomeki.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Haya nieleze. Jana nimeliburuta likagoma. Leo huyu binti wa mapokezi kalinakili, likakubali. Yeye ana mkono gani?"

Mkono hauna neno. Kuhamisha faili ndani ya diski ileile hakuumbi kitu kipya. Jina linafutwa folda moja, linaandikwa folda nyingine. Faili lenyewe, pamoja na mmiliki wake, kundi lake la zamani na 640 yake ya zamani, halikuguswa. Setgid hufanya kazi wakati wa kuumba, na hapa hakuna kilichoumbwa. Binti alinakili, kwa hiyo liliumbwa faili jipya ndani ya folda ya hewani, likarithi kundi. Mzee alicheka, akasema basi ataendelea kuburuta na binti aendelee kunakili, kila mtu na kazi yake. Nilichofanya ni kuzigawa hizo folda mbili ziwe diski mbili tofauti kwa seva. Ukiburuta kutoka diski moja kwenda nyingine, kompyuta inalazimika kunakili halafu kufuta, na kundi la folda mpya linapata nafasi yake. Lakini angalizo: `mv` ya dirisha la amri, hata ikinakili, hujitahidi kurudisha mmiliki, kundi na ruhusa za zamani. Kwa wanaotumia amri, waambie watumie `cp` ya kawaida bila `-p` wala `-a`, ambayo haiongezi ruhusa juu ya zile za faili la asili, au `install -m 664`, ambayo inaweka ruhusa unazotaka papo hapo.

Mtego mwingine ni wa programu zinazohifadhi kwa faili la muda. Nyingi zenye heshima hufanya hivi: ukibonyeza hifadhi, zinaumba faili la muda pembeni, zinaandika humo, zikimaliza zinalipa jina la lile la zamani. Ni ubunifu mzuri, maana umeme ukikatika katikati, la zamani liko salama. Gesi inatoka Mnazi Bay hapo jirani, lakini umeme ukiamua kukatika unakatika. Ila matokeo yake ni kwamba kila kuhifadhi ni kuzaliwa upya. Skripti ya habari ilikuwa ya mwandishi. Mhariri kaifungua, kasahihisha nukta, kahifadhi. Sasa ni ya mhariri. Mwandishi akirudi anakuta kazi yake si yake.

Ikiwa faili la muda limeumbwa kwa `mkstemp`, kazi ya mfumo ya kuumbia mafaili ya muda, mambo yanakuwa magumu zaidi. Kazi hiyo huomba 600 moja kwa moja, kwa sababu za usalama zinazoeleweka kabisa, na umask hupunguza tu, haiongezi. Weka umask 002, weka setgid, weka lolote. Faili litazaliwa 600, na kama programu yenyewe haikumbuki kulegeza ruhusa kabla ya kubadilisha jina, litabaki 600. Watu hukimbilia orodha za ruhusa za kurithiwa kwa `setfacl -d`, na kwa faili la kawaida zinasaidia kweli, kwa kuwa folda ikiwa nazo umask huwekwa kando. Kwa faili lililoombwa kama 600 hazifui dafu: ombi lenyewe linalibana kundi, na orodha haiwezi kutoa zaidi ya kilichoombwa. Hata hiyo habari ya umask kuwekwa kando, kwa NFS ya toleo la nne haikuwa hivyo mwanzoni, kwa sababu kompyuta ya mtumiaji ilikuwa inaipiga umask kabla ombi halijaondoka. Ilibidi uje waraka wa viwango RFC 8275 wa mwaka 2017 ndipo umask ikaanza kusafiri peke yake na seva ikapewa nafasi ya kuamua.

Skripti unazoandika mwenyewe, fuata mpangilio huu: umba kwa jina la muda ndani ya folda ileile, andika mpaka mwisho, weka ruhusa, hakikisha imefika diski, ndipo ulipe jina lake halisi. Mashine ya hewani itakuta ama hakuna kitu, ama faili zima lenye ruhusa zake. Na mwambie mtangazaji asibonyeze mara kumi. Kwa kawaida ya Linux, kompyuta inaweza kushikilia kumbukumbu ya hali ya folda kwa sekunde 30 mpaka 60 kabla ya kuiuliza seva upya. Faili jipya likichelewa kuonekana kwa muda huo, halijapotea.

Root asiye na nguvu

Kituo kinarekodi kila kinachorushwa na kukitunza. Skripti ya kazi hiyo iliwekwa kwenye cron, yaani ratiba ya kazi, ya root, msimamizi mkuu wa mashine: inaumba folda ya tarehe, inarekodi humo, ikimaliza inapiga `chown studio` ili watu wa studio waweze kuzitumia. Kwenye diski ya ndani ya kompyuta ilifanya kazi miaka. Siku rekodi zilipohamishiwa kwenye seva, folda zikaanza kutokea zenye mmiliki 65534, `chown` ikikataliwa kila usiku, na studio hawawezi kufuta hata rekodi moja.

Seva ya NFS kwa kawaida huwa na `root_squash`. Ombi lolote linalokuja na namba 0, ambayo ni root, hugeuzwa kuwa 65534, yaani nobody, mtu asiye na cheo chochote. Na ni busara. Kila mwenye laptopu ni root kwenye laptopu yake. Kama seva ingeiamini 0 kama inavyoiamini 1000, mgeni yeyote anayechomeka kebo kwenye swichi na anwani yake ikaruhusiwa angekuwa bwana wa diski nzima. Ushauri unaozagaa wa kuweka `no_root_squash` unamaliza kero ya usiku mmoja na kufungua mlango ambao hakuna atakayekumbuka kuufunga.

Kinachotakiwa kubadilika ni ile tabia ya kuumba kwanza kama root halafu kugawa. Kwenye Linux mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kabisa kumkabidhi mwingine umiliki wa faili lake. Ni root tu anayeweza, na root wa kompyuta yako mbele ya seva si kitu. Kwa hiyo kuwa mwenye faili kabla hujaliumba. Cron ihamie kwa mtumiaji studio, au iwe huduma ya systemd yenye `User=studio`, `Group=redio` na `UMask=0002`, mistari mitatu, na ile `chown` ifutwe kabisa. Wanaoandika programu zinazohudumia watumiaji wengi kwa pamoja wanalijua hili kwa njia nyingine: programu huvaa namba ya mtumiaji husika kwa `setfsuid`, inafungua faili, kisha inarudi kwenye namba yake.

Jambo linalokaribiana na hilo: ukikuta kwenye NFS ya toleo la tatu faili tupu lenye ruhusa za ajabu na tarehe isiyo na kichwa wala miguu, usikimbilie kusema ni virusi. Programu ikitaka kuumba faili kwa sharti kwamba lisiwepo tayari, toleo hilo haliruhusu ruhusa zipelekwe kwenye ombi lenyewe. Seva huhitaji mahali pa kuweka alama ya kulitambua ombi likirudiwa, na ya Linux huiweka kwenye nafasi za tarehe za faili. Ruhusa na tarehe halisi huja kwa ombi la pili. Umeme ukikatika kati ya ombi la kwanza na la pili, linabaki lile umbo la katikati. Toleo la 4.1 lilirekebisha hilo kwa kukubali vyote kwa pamoja.

Meneja na Windows yake

Meneja ana Windows, na Windows inaingia kwenye folda zilezile kupitia Samba, programu inayoiwezesha seva ya Linux kushirikiana mafaili na Windows. Hiyo ina sheria zake. Usipoigusa, `create mask` ni 0744 na `directory mask` ni 0755, yaani kundi haliandiki, haijalishi umeweka setgid. Weka 0664 na 2775, ongeza `force group = redio`. Fahamu pia kwamba `create mask` inapunguza tu. Ukitaka kulazimisha ruhusa iwepo ni `force create mode`. Ukishangaa kwa nini sauti zilizotoka kwa meneja zina alama ya kuendeshwa kama programu, ni Samba inahifadhi humo alama ya Windows ya faili linalosubiri nakala ya akiba; `map archive = no` inaiondoa. Na mipangilio hii yote haiwahusu wanaoingia kwa NFS. Ukipanga upande mmoja ukasahau mwingine, kila upande utalalamikia wenzake.

Kinyume chake, kompyuta ya Linux inayoingia kwa njia ya Samba kwa `uid=` na `gid=` huonyesha umiliki uliouandika wewe mwenyewe wakati wa kuunganisha. Mwenye faili kwenye seva ni ile akaunti iliyotumika kuingia. Usipime ruhusa kwa kutazama hapo.

Nilivyopanga

Maktaba ya sauti nimeitoa kwa `all_squash`. Mstari wake kwenye /etc/exports, orodha ya folda ambazo seva inazitoa, unafanana na huu, mmoja kwa kila kompyuta inayoruhusiwa:

`/srv/sauti 192.168.10.21(rw,sync,all_squash,anonuid=3001,anongid=3100)`

Maana yake, yeyote anayeandika kutoka mashine hiyo, awe 1000, awe 1001, awe root, kwa seva ni 3001 wa kundi 3100. Faili la `mkstemp` lenye 600 halisumbui tena, kwa kuwa anayelisoma naye ni 3001. Laptopu za watangazaji hazimo kwenye orodha. Wanaleta kazi kwa flashi au wanaingia kwa Samba na nywila. Wapo mafundi wanaoona `all_squash` ni uvivu, na hoja yao ina uzito: ukishawafanya wote mtu mmoja, hutajua nani alifuta nini. Kwa jingo na nyimbo siumii, nakala ya akiba ya kila usiku inatosha. Kwa skripti za habari naumia, kwa sababu mhariri anataka kujua nani kabadilisha sentensi kabla ya saa mbili usiku. Folda hiyo imebaki na namba halisi za watu, setgid, umask 002 kwenye kila mashine, na alama ya sticky ili mtu asifute cha mwenzake. Sticky ina bei yake. Programu zile za faili la muda haziwezi tena kuhifadhi juu ya faili la mtu mwingine, kwa hiyo mhariri anahifadhi kwa jina jipya. Alinung'unika mwanzoni, kisha akagundua anabaki na nakala ya mwandishi ilivyokuwa, na sasa hataki iondolewe.

Kupima hayo yote, `touch` peke yake haitoshi, maana `touch` haitumii faili la muda wala `mkstemp`. Kaa kwenye kila kompyuta, fungua programu ileile wanayoitumia kwa kubofya menyu ileile wanayoibofya, hifadhi kitu kidogo, kihifadhi tena juu yake, kisha kiburute kutoka folda moja kwenda nyingine. Halafu nenda kwenye seva yenyewe, `ls -ln`, usome namba. Mabaki ya zamani yatafute hapohapo kwenye seva, ambako root bado ni root: `find /srv/sauti -uid 65534`, halafu `-uid 1000`. Kwa hizo 1000, kabla hujagusa kitu, mwite wa studio na wa habari mkae pamoja, kila mtu aonyeshe lake.